Je, wajua kwa nini kuku hupona uziwi na binadamu haponi?

Pita asubuhi kwenye mashine ya kusaga mahindi kule Katuba, Lubumbashi, saa ambazo akina mama wamepanga ndoo wakingoja unga wa bukari. Mashine inanguruma hadi unalazimika kumpigia kelele mtu mliyegusana bega. Chini, kuku wanadonoa punje zilizomwagika. Mpe mwenye mashine noti, umwambie, "Papa, shika!" Huenda akasikia "fika".

Papa hakudharau. Ndani ya sikio lake, kwenye mfupa mgumu ajabu, kuna koklea: mrija uliojiviringa kama nyumba ya konokono, umejaa majimaji. Humo tunazaliwa na seli kama 15,000 zenye vinyweleo juu yake (si nywele hasa, ni jina tu). Sauti ikiyatikisa majimaji, vinyweleo vinainama, vijitundu vinafunguka, potasiamu inaingia, habari inakwenda kwenye ubongo. Ngurumo ya kila siku huziua seli hizo. Sindano za kanamisini walizodungwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu nazo zimewaziba wengi masikio kwa njia hiyohiyo. Hutangulia kufa zile za mlangoni mwa koklea, zinazopokea sauti nyembamba kama za "s", "f" na "sh". Basi papa anajua unasema, ila hajui unasema nini.

Na kuku je, mbona wako kwenye kelele ileile? Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Marekani waliwapigia vifaranga na kware kelele kali hadi seli zao zikafa. Baada ya siku chache zikaota nyingine! Ndege husikia tena baada ya majuma machache. Kazi hiyo inafanywa na seli saidizi, majirani wanaozishikilia zile zenye vinyweleo: nyingine hujigawa, nyingine hugeuka zenyewe.

Seli saidizi hata sisi tunazo, ila zimefungwa. Jeni (agizo la urithi lililo ndani ya seli) iitwayo Atoh1, inayoiamuru seli iote vinyweleo, hufanya kazi hiyo mtoto akiwa tumboni, kisha inazimwa. Mwaka 2013 watafiti waliifungua kwa dawa kwenye masikio ya panya viziwi, nao wakapata kusikia kidogo. Kwa watu mambo yamekuwa magumu zaidi: dawa FX-322 ya kampuni ya Frequency Therapeutics, iliyosubiriwa kwa hamu, mwaka 2023 ilionekana haiwasaidii wagonjwa kuliko dawa bandia (isiyo na dawa ndani, ya kulinganishia tu).

Mimi sishangai sana. Seli mpya lazima iote mahali pake, tena iunganishwe na mshipa wa fahamu. Halafu kuku akiitumia seli saidizi, anaweza kuzaa nyingine ya kushika nafasi yake. Panya wale wa 2013 seli zao ziligeuzwa tu bila kujigawa, na nguzo zote zikigeuzwa madirisha, paa litashikwa na nini?