Kuhamisha chuo si sawa na kuanzisha kingine

Inarudiwa mno siku hizi kwamba Wakomunisti waliposhika China mwaka 1949, vyuo vikuu vya kimisionari vilivyotegemea fedha za Marekani na Uingereza vilihamishiwa Hong Kong. Havikuhamishwa.

Chuo kinahamishwa pale uongozi, walimu, wanafunzi na haki ya kutoa shahada vinapoondoka pamoja na kuendelea na kazi ile ile kwingine. Majengo yanaweza kubaki.

Chuo cha Lingnan cha Guangzhou, mji wa kusini mwa China, chenye asili yake katika shule iliyofunguliwa na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1888, kiliwahi kuhama kweli. Wajapani walipoiteka Guangzhou Oktoba 1938, kilikimbilia Hong Kong, koloni la Waingereza, na Chuo Kikuu cha Hong Kong kikakiazima madarasa nyakati za jioni. Kilifundisha hapo mpaka Desemba 1941, Wajapani walipoivamia Hong Kong nayo. Huko ndiko kuhama.

Baada ya 1949 mambo yalikwenda tofauti kabisa. Vita vya Korea vilikata fedha za Marekani, serikali mpya ikavitwaa vyuo hivyo, na mwaka 1952 ikavivunja. Yenching, chuo cha kimisionari cha Beijing, kilisambaratishwa, Chuo Kikuu cha Peking kikahamia kwenye viwanja vyake. Lingnan kilimezwa na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, nacho kikachukua majengo yake. Maktaba zilibaki, na walimu wengi walibaki pia, wapo walioamini kwa dhati kwamba wanaijenga nchi yao. Tukisema vyuo vilihamishwa, watu hao tunawafuta.

Waliovuka mpaka walikuwa wakimbizi, wakiwemo baadhi ya walimu, na fedha za wafadhili zikawafuata. Ndivyo chuo cha Chung Chi kilivyozaliwa huko Hong Kong Oktoba 1951 kwa juhudi za makanisa ya Kiprotestanti, katika vyumba vya kuazima. Naelewa mkanganyiko unakotoka: mkuu wake wa kwanza, Li Yinglin, ndiye aliyekiongoza Lingnan kilipokuwa uhamishoni Hong Kong. Lakini mtu kubeba uzoefu wake si chuo kubeba shahada zake. Koloni lilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, kilichofundisha kwa Kiingereza, na vyuo hivi vya wakimbizi vilivyofundisha kwa Kichina vilihangaika miaka mingi kabla ya kutambuliwa. Mwaka 1963 Chung Chi na vyuo vingine viwili vya aina hiyo, New Asia na United, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong. Kazi hiyo wakimbizi hao waliifanya wakianzia chini, na wanastahili kutajwa kama waasisi.

Kwa hiyo, ukiandika habari za Chung Chi, andika kwamba kilianzishwa Hong Kong mwaka 1951 kuendeleza kazi ya vyuo vya Kikristo vya China. Na Lingnan cha Hong Kong cha leo kilifunguliwa upya mwaka 1967 kwa juhudi za wahitimu wa kile cha Guangzhou, miaka 15 baada ya chuo chao kuvunjwa.