Je, wajua kwa nini Denis Lebedev alipigwa kwa KO lakini akarudishiwa mkanda?

Usiku wa tarehe 17 Mei 2013, jijini Moscow, bondia Mrusi Denis Lebedev alipoteza ubingwa wa dunia wa WBA (Chama cha Ndondi Duniani) katika uzito wa kruza, ambao ukomo wake ni pauni 200, yaani kilo 90.7. Mpinzani wake, Guillermo Jones wa Panama, alikuwa na umri wa miaka 41. Jicho la kulia la Lebedev lilianza kuvimba mapema, likaendelea kuvimba raundi baada ya raundi hadi likakaribia kufumba kabisa, na katika raundi ya 11 alipiga goti akahesabiwa hadi mwisho, yaani KO. Kwa maoni yangu pambano lile lilipaswa kusimamishwa mapema zaidi, kwa kuwa bondia asiyeona upande mmoja hana namna ya kukwepa ngumi zinazotoka upande huo.

Hata hivyo, mwezi Oktoba mwaka huohuo WBA ilimvua Jones ubingwa na kumrudishia Lebedev, kwa sababu vipimo vya Mpanama huyo vilikutwa na furosemidi. Dawa hii, ambayo madaktari huwapa wagonjwa waliovimba kwa maji kutokana na maradhi ya moyo au figo, huzuia figo kurudisha chumvi kwenye damu, na chumvi hiyo inapotoka kwa mkojo huondoka na maji mengi. Haijengi misuli wala haiongezi pumzi. Imepigwa marufuku michezoni kwa kuwa humwezesha bondia kupunguza kilo upesi kabla ya kupima uzito, na pia kwa kuwa huuzimua mkojo kiasi kwamba mabaki ya dawa nyingine huwa magumu kugunduliwa. Ndiyo maana kukutwa nayo peke yake ni kosa.

Marudiano yalipangwa kufanyika Moscow mwezi Aprili 2014, yakafutwa siku yenyewe ya pambano baada ya Jones kukutwa tena na dawa ileile.

Lebedev, mzaliwa wa Stary Oskol na bondia wa mkono wa kushoto, hakuwa bingwa wa mezani. Tarehe 21 Mei 2011 alikuwa amemwangusha Mmarekani Roy Jones Jr., bingwa wa dunia wa zamani, katika raundi ya 10, na miaka mitano baadaye, tarehe ileile, alimmaliza Muargentina Víctor Emilio Ramírez katika raundi ya pili na kuongeza mkanda wa IBF (Shirikisho la Kimataifa la Ndondi), ambao Mrusi mwenzake, Murat Gassiev, alimpokonya Desemba 2016 kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika.