Almasi za damu ni zipi hasa?

Almasi za damu, au almasi za migogoro kama zinavyoitwa kwenye nyaraka za Umoja wa Mataifa, ni almasi ghafi zinazotumiwa na makundi ya waasi au washirika wao kupata fedha za kupigana na serikali halali. Ghafi maana yake hazijakatwa wala kung'arishwa. Hiyo ndiyo maana rasmi, na ndiyo inayoongoza Mpango wa Kimberley, utaratibu wa kimataifa wa kutoa vyeti vya almasi ulioanza kazi tarehe 1 Januari 2003.

Isome tena polepole. Mhalifu aliyetajwa humo ni mmoja tu: mwasi. Askari wa serikali akimpiga risasi mchimbaji, almasi iliyotoka kwenye shimo hilo haiwi ya damu. Kwa maoni yangu matatizo mengi ya biashara hii yanapitia kwenye pengo hilo. Ila maana hii haikuzuka hewani. Ilitungwa kwa sababu ya vita mahususi.

Kwanza, si kila almasi inaweza kumfaa mwasi. Zipo zinazochimbwa kwenye mwamba wa kimbalaiti, kama pale Mwadui mkoani Shinyanga, na huko huendi popote bila mitambo, umeme na mtaji mkubwa. Zipo nyingine ambazo mvua na mito, kwa mamilioni ya miaka, ilizimomonyoa kutoka kwenye mwamba ikazitawanya ndani ya changarawe za mabondeni. Kuzipata hizi unahitaji koleo, ndoo, chekeche na watu wa kuwachosha kwa kazi. Ndivyo ilivyo wilaya ya Kono mashariki mwa Sierra Leone, bonde la mto Cuango huko Lunda Norte, Angola, na sehemu kubwa ya Kasai nchini Kongo. Isitoshe, karati moja ni gramu 0.2 tu. Mali ya maelfu ya dola inaingia kwenye kiberiti na kuvuka mpaka mfukoni mwa mtu, bila harufu na bila kuharibika.

Machi 1991 waasi wa RUF waliingia Sierra Leone kutokea Liberia. Kiongozi wao alikuwa Foday Sankoh, koplo wa zamani jeshini, na aliyemsaidia alikuwa Charles Taylor, wakati huo mwasi wa Liberia, baadaye rais wake kuanzia 1997. Mabonde ya Kono yalipoangukia mikononi mwa waasi, vijana walilazimishwa kuchimba wakiwa wamesimamiwa na mtutu. Mawe yalivushwa kwenda Liberia, silaha zikarudi kwa njia hiyohiyo. Wakati wa uchaguzi wa 1996 waasi waliwakata raia mikono, kwa kuwa mkono ndio unaopiga kura. Hadi vita inatangazwa kwisha Januari 2002, inakadiriwa watu 50,000 walikuwa wamekufa, na maelfu wamebaki bila mikono au miguu.

Katikati ya hayo dunia ilifanya jambo ambalo hata leo ni gumu kulielewa. Mkataba wa amani wa Lomé, Julai 1999, ulimsamehe Sankoh, ukampa hadhi ya makamu wa rais, na juu ya hayo ukamfanya mwenyekiti wa tume ya kusimamia madini ya nchi. Fisi alikabidhiwa bucha. Mwezi Mei 2000 watu wake waliwashambulia walinda amani wa Umoja wa Mataifa na kuwateka takribani 500, wakiwemo Wazambia na Wakenya. Baadaye mwaka huohuo Jenerali Daniel Opande wa Kenya ndiye aliyepewa uongozi wa kikosi hicho. Taylor alikuja kuhukumiwa kifungo cha miaka 50 mwaka 2012. Sankoh alifia mahabusu 2003, kesi yake haijafika mwisho.

Sasa, jiwe la aina hiyo lilifikaje kwenye pete ya uchumba? Angalia hesabu ya Liberia. Kati ya 1994 na 1998 Ubelgiji, ambako soko la Antwerp ndilo lililokuwa kitovu cha biashara, iliandikisha karati zaidi ya milioni 31 kuwa zimetoka Liberia. Uwezo wa Liberia yenyewe ulikadiriwa kuwa karati 100,000 hadi 150,000 kwa mwaka. Karati milioni 31 ni zaidi ya tani sita za almasi. Si zote zilikuwa za Sierra Leone. Liberia ilikuwa jina linalofaa kuandikwa kwenye fomu na yeyote aliyetaka kuficha alikotoa mzigo. Na karani wa forodha hakudanganywa sana, maana alichoulizia ni mzigo umesafirishwa kutoka wapi. Ulichimbwa wapi, halikuwa swali lake. Angola nayo ilikuwa hivyo: waasi wa UNITA wa Jonas Savimbi wanakadiriwa kupata dola bilioni 3.7 kwa almasi kati ya 1992 na 1998, mwaka ambao Baraza la Usalama lilipiga marufuku almasi zao.

Kongo iko karibu nasi zaidi. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyoingia nchini humo yakiwa marafiki wao kwa wao, yalipigana kwa siku sita ndani ya mji wa Kisangani, na biashara ya almasi ilikuwa miongoni mwa yaliyowagombanisha. Mamia ya raia walikufa kwa mabomu ya wageni wawili. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile kwa ujumla, milioni 60 kati ya hizo zikiwa za maliasili.

Mpango wa Kimberley ulikuja kujibu haya. Kila shehena ya almasi ghafi inafungwa kwenye kasha lisiloweza kufunguliwa kimyakimya, inaambatana na cheti cha serikali, na nchi mwanachama hairuhusiwi kufanya biashara hiyo na nchi isiyo mwanachama. Haukuwa mchezo. Mwaka 2004 Congo-Brazzaville ilifukuzwa kwa sababu ilikuwa inauza nje almasi nyingi kuliko ilizoweza kuchimba, yaani mtindo uleule wa Liberia, safari hii ukakamatwa.

Lakini cheti husainiwa na serikali. Serikali ikiwa ndiyo mkosaji, nani asaini dhidi yake? Jibu lilitoka Marange, mashariki mwa Zimbabwe. Almasi zilipogunduliwa huko 2006 watu walimiminika kwa maelfu. Mwishoni mwa 2008 jeshi lilitumwa kuwaondoa, helikopta zikawafyatulia risasi wachimbaji, na shirika la Human Rights Watch liliripoti zaidi ya watu 200 waliuawa. Hapakuwa na mwasi, kwa hiyo kwa maana rasmi hapakuwa na almasi ya damu. Baada ya mabishano marefu Zimbabwe iliruhusiwa kuuza mwaka 2011. Shirika la Global Witness, lililokuwa kati ya waliopigania mpango huo uanzishwe, lilijitoa mwezi Desemba mwaka huo. Tangu hapo yametolewa mapendekezo ya kupanua maana, yanakwama kila mara, kwa kuwa maamuzi ya Kimberley yanahitaji wote wakubaliane, na nchi moja ikikataa imetosha.

Hata pasipo bunduki, hali ya shimoni haimo kwenye cheti. Huko Kono mchimbaji wa kawaida hana leseni wala koleo lake. Vyote anatafutiwa na mfadhili, anapewa wali wa siku na sehemu ya kitakachopatikana. Anasimama kwenye maji ya tope akizungusha chekeche huku msimamizi akimtazama vidole na mdomo, asije akameza jiwe. Likipatikana, anayelipima na kutaja bei ni mfadhili yuleyule anayemdai. Mchimbaji hana mizani wala mahali pa kuuliza.

Ardhi nayo inabaki na deni. Ili kuifikia changarawe, udongo wa juu wenye rutuba hutupwa kando, mto huchepushwa, na kazi ikiisha mashimo huachwa wazi. Mvua huyajaza, mbu huzaana, na aliyekuwa na shamba la mpunga hana pa kupanda. Migodi mikubwa ina hatari yake. Mwaka 2021 bwawa la maji machafu la mgodi wa Catoca, Angola, lilivuja. Mto Tshikapa ng'ambo ya pili, Kongo, ukageuka mwekundu, samaki na viboko wakaelea wakiwa wamekufa, na serikali ya Kongo ikasema watu 12 walifariki na maelfu waliugua. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la Mwadui ulibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za majirani. Almasi za migodi yote miwili zina vyeti safi.

Jambo la mwisho ni kwa anayenunua. Cheti cha Kimberley huambatana na shehena ya almasi ghafi, tena mzigo ukishachanganywa kwenye vituo kama Dubai unaweza kuandikwa tu kwamba asili yake ni mchanganyiko. Zikishakatwa, na nyingi hukatiwa Surat nchini India, cheti hicho kinakuwa kimemaliza kazi. Kwa hiyo sonara akikuambia pete hii ina cheti cha Kimberley, muulize ni cha jiwe gani, na lilichimbwa mgodi upi.