Bei kupoa si mapenzi kufa

Wengi husema ukusanyaji wa michezo ya video ya zamani unakufa, kwa kuwa bei zimepoa tangu zilipopanda kwa kishindo 2021. Hapo wanachanganya walanguzi na wakusanyaji. Julai 2021 kaseti ya mchezo wa Super Mario 64, bado imefungwa, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.56. Kitu cha bei hiyo hakinunuliwi kichezwe! Walanguzi wakipungua, mpenzi wa kweli anapata nafuu. Na sababu ya kukusanya imezidi: Machi 2023 kampuni ya michezo ya Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine zake za kuchezea, 3DS na Wii U. Mwaka huohuo Video Game History Foundation, shirika linalohifadhi historia ya michezo hiyo, ilionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena ikiwa mipya. Anayeitaka kihalali mara nyingi hana budi kutafuta kaseti au diski yenyewe.