Je, wajua? Bakteria wa baharini hutambuaje kwamba amegusa kitu kigumu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mkia wa bakteria, yaani flajela, hupigapiga majini kama mkia wa samaki. Sivyo kabisa. Flajela haina msuli wowote wa kuipinda kulia na kushoto. Ni bomba jembamba la protini lililojisokota, na kwenye shina lake kuna mota iliyopachikwa katika ukuta wa bakteria. Mota hiyo ndiyo huizungusha. Ukisimama karibu na soko la samaki Bagamoyo ukatazama mashua ya mashine ikiondoka, utaelewa: flajela ni pangaboi, si kasia. Tena haikui kama unywele, unaosukumwa kutoka shinani. Protini mpya husafiri ndani ya bomba hadi nchani na kujipanga huko.

Sasa mtazame Vibrio parahaemolyticus, anayeishi kwenye maji ya chumvi ya pwani zenye joto na huweza kumharisha mtu aliyekula chaza wabichi. Akiogelea, ana flajela moja tu, kwenye ncha ya mwili, inayoendeshwa na ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu. Akiwekwa juu ya agari ngumu, yaani jeli ya kukuzia bakteria maabara, huacha kugawanyika, hurefuka, kisha huota flajela nyingi ubavuni, zinazoendeshwa na ioni za hidrojeni. Hapo wenzake na yeye husonga kwa makundi, wamebanana, ndani ya utando mwembamba wa maji.

Hana macho wala vidole. Amejuaje?

Fikiria nahodha anayerudi maji yakiwa yamekupwa. Haoni chini, lakini pangaboi likinasa kwenye mwani, mashine inaanza kuzidiwa, naye anajua papo hapo. Flajela ile moja hufanya kazi hiyohiyo. Mwaka 1988 wanasayansi Linda McCarter, Marcia Hilmen na Michael Silverman walionyesha kwamba ikizuiwa kuzunguka, jeni za flajela za ubavuni huamka. (Si mzigo huo wa mota peke yake: upungufu wa madini ya chuma nao huchangia. Na hayo ni ya maabara. Uso wa gamba la chaza si tambarare kama wa agari.)

Ushahidi unaonivutia zaidi ni wa dawa inayoziba njia ya sodiamu kwenye mota. Bakteria wakiwa bado majini, bila kugusa chochote, mota ilipunguza kasi, nao wakaota flajela za ubavuni.