Kupunguza matumizi si kubana matumizi

Kila likija suala la mazingira hapa Mwanza, utasikia watu wakihimizwa "wabane matumizi", na wasemaji wanadhani wamemaliza. Neno hilo nalisikia kila mara, na linapotosha.

Kupunguza matumizi, kwa upande wa mazingira, ni kuchukua vitu vichache zaidi kutoka ziwani, msituni na ardhini, na kutupa kidogo zaidi. Basi.

Kubana matumizi ni hesabu ya mfuko: shilingi ngapi zimebaki? Hesabu hizi mbili hukutana mara nyingine. Ukiloweka maharage usiku kucha, yanaiva upesi, mkaa unaungua kidogo, na hela inabaki. Lakini mara nyingi zinaachana. Anayenunua mkaa kwa gunia analipa nafuu kuliko anayenunua kwa kopo, na hapo kweli amebana. Kama anauchoma uleule, au anauchoma ovyo kwa sababu upo mwingi stoo, kwa msitu hakuna kilichopungua.

Samaki ndio wanaoniuma zaidi. Fungu la sangara wachanga ni bei chee, na mtu anaondoka nalo akiwa na furaha kwamba amebana. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, kwa sababu wengi wa saizi hiyo hawajazaa hata mara moja. Huhitaji rula: nyoosha mkono, pima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Hiyo ni dhiraa, kama sentimita 45 hivi. Sangara asiyefika hapo ni mtoto. Familia inayonunua sangara mmoja mkubwa kwa bei ya juu, ikala mara mbili na kichwa kikapikwa mchuzi, imetoa hela nyingi zaidi na imelipunguzia ziwa mzigo.

Halafu kuna mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, tumepata ile mbadala ya kitambaa chepesi. Ni mizuri, ila tazama nyuma ya mlango wa jiko: imejaa, kwa sababu kila tukienda sokoni tunanunua mwingine. Huko ni kubadilisha. Kupunguza ni kutoka nyumbani na kikapu. Mfuko wowote unaotupwa mtaani mvua inausomba hadi Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani, ambako ndiko tunakovuta maji ya kunywa.

Mitumba nayo imeingizwa kwenye kupunguza. Nguo iliyokwishavaliwa ni afadhali kuliko mpya, nakubali. Ila ukitoka soko la Mlango Mmoja na blauzi sita kwa kuwa ni rahisi, na nne hutazivaa, hukupunguza chochote.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotoa elimu mitaani, tuwe waangalifu na maneno yetu. Mama wa Igoma anayekwenda dukani na chupa yake kupimiwa mafuta ya mia tano amebana hadi mwisho, na ukiangalia vizuri, chupa ileile ameitumia miezi. Usimwambie apunguze. Ujumbe huo mpelekee mwenye gari ambaye kila jioni anarudi na katoni ya maji ya chupa.