Je, wajua kwa nini baridi ya Aktiki hufika Ghuba ya Mexico Januari, lakini Julai huishia njiani?

Galveston, mji wa pwani ya Texas, uko kusini kidogo kuliko Kairo. Mtu angetarajia joto mwaka mzima. Lakini Februari 2021 hewa ya Aktiki ilishuka hadi huko, na maelfu ya kasa wakapooza majini kwa baridi.

Njia ya hewa hiyo iko wazi mno. Kutoka Kanada hadi ghuba hakuna safu ya milima inayokatiza mashariki-magharibi. Milima ya Rocky imelala kaskazini-kusini, kwa hiyo hewa baridi huteremka kwenye tambarare kama maji kwenye mfereji. Majira ya baridi, tofauti ya joto kati ya ncha ya dunia na tropiki huwa kubwa. Tofauti hiyo huupa nguvu mkondo wa upepo wa anga za juu, nao ukipinda kuelekea kusini huiburuta baridi pamoja nao.

Ujio wake pwani hautaki mtabiri. Kwanza huvuma upepo wa kusini, wenye unyevu hadi ngozi inanata. Kisha hutokea mstari wa mawingu meusi: hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, imejipenyeza chini ya ile ya joto na kuipandisha juu, na mvua inashuka kwa kishindo. Upepo hugeuka, sasa watoka kaskazini. Barometa hupanda, na ndani ya saa chache joto laweza kushuka nyuzi 10 au zaidi. Upepo huo huyasukuma hata maji ya ghuba ndogo kwenda bahari kuu, boti zikabaki zimekalia tope.

Majira ya joto mambo hugeuka. Aktiki imepata joto, mkondo wa juu umerudi kaskazini, na eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa la Atlantiki limetanuka, likileta upepo wa kusini siku nenda siku rudi. Mpaka wa hewa baridi, yaani ukingo wake wa mbele unaokutana na hewa ya joto, ukijaribu kuja, hukwama bara na kufifia. Mvua huachiwa upepo wa bahari wa mchana, na vimbunga.

Ila mpaka uliofifia haupuuzwi, hasa mkia wake ukifika juu ya maji ya moto ya ghuba. Agosti 1983 mabaki ya namna hiyo yalizaa kimbunga Alicia, ambacho siku chache baadaye kiliipiga Galveston yenyewe.